Maji Meusi ya Mabua na Salamu ya Mama

Dilala, tarehe 20 mwezi wa tano 1993

Yaya Tshimanga,

Nakusalimia we, mulamu wangu Laure, batoto bote, na Mama zaidi ya bote. Sisi huku tunapumua tu. Bwana yangu Stany iko, kazi yake iko nusu nusu, mushahara inakuya siku yenye inataka. Nyumba mingi ya hapa Kolwezi, zaidi mu Dilala yetu, iko na batu bapya, na bale bapya habajue ata kufunga robine ya bomba: maji inamwangika mu lupango, kiwanja ya nyumba ya tata Mukendi muchana na usiku, na hakuna mutu wa kusema kitu juu Mukendi mwenyewe walimufukuza, muko naye huko. Bei ya unga, usiniulize.

Barua yako ya kwanza nilipata. Nilisoma, nikaigeuza, nikaangalia na nyuma yake, nikasema labda kuko kipande yenye ilianguka mu njia. Kurasa mbili juu ya safari, juu ya behewa, juu ya mizigo yenye ilipotea, na ata neno moja juu ya vile muliondoka Kolwezi bila kuniaga! Mi nilikuta mulango wenu wazi na kuku ya jirani inatembea mu salon. Njo vile batu ya tumbo moja banaachana?

Na tena batu bananihadisia bitu vya kuchekesha. Banasema kila mutu alibeba masufuria na mablanketi, na we ulibeba kidumu ya soda kali yenye ulikuwa unafanyia sabuni. Laure alilia juu ya masufuria yake, we ukasema soda njo kwanza. Yaya, we uko na akili timamu?

Uniandikie Mama iko namna gani. Magoti yake? Anakula? Anasema nini juu yangu? Andika ile kwanza, bingine nyuma.

Mimi mudogo wako mwenye hasira,
Ngalula


Mwene-Ditu, tarehe 11 mwezi wa saba 1993

Mudogo wangu Ngalula,

Laure anakusalimia. Batoto banakusalimia. Tata Badibanga mwenye tunapanga kwake anakusalimia, ijapokuwa hakujue. Tuko mu chumba kimoja, lakini kuko lupango kubwa nyuma, na ile njo ilinifurahisha.

Banasema tumefika kwetu, kwenye babu zetu walitoka. Kwetu! Mi nilizaliwa Kolwezi, tata yetu alizikwa Kolwezi, na huku nikifungua kinywa batu banacheka Tshiluba yangu. Banatuita Bakatanga. Kule tulikuwa Bakasai mpaka wakatufukuza, huku tumekuwa Bakatanga. Kazi hakuna. Nilienda kujipendekeza kila fasi, nikabaambia mi nilifanya mu laboratware, ile maabara ya kiwanda, miaka na miaka, banajibu, «Tata, hapa laboratware ni ya nini?»

Bon, kidumu ya soda uliicheka. Cheka tu, lakini sikia. Huku mahindi iko mpaka upeo wa macho, na wakisha kuvuna banachoma mabua yote bure. Na ubao moja ya mulango ni bei ya kichaa. Mi naona ile moshi inapanda na moyo inaniuma.

Bua ya mahindi iko na bitu mbili ndani. Kuko nyuzi nyeupe, ile njo selulozi, ndugu ya pamba. Na kuko ulimbo ya rangi ya kahawa yenye inashika zile nyuzi kusudi bua isimame mu upepo, ile njo lignini. Ukikata mabua bipande bipande na kuchemusha mu maji ya soda tangu asubuhi mpaka jua kushuka, ulimbo inatoka mu nyuzi, inaingia mu maji, na maji inakuwa nyeusi tii. Nyuzi unazichota, unaziosha. Mutu mwengine angemwanga ile maji meusi. Mi hapana! Natia asidi kidogo kidogo, na ulimbo inajikusanya, inashuka chini sawa matope. Unachuja, unakausha, unachanganya na nyuzi zako, unakamua kati ya mabati mbili juu ya moto na kriki, ile ya kuinulia kamio, gari kubwa. Inatoka ubao. Bila musumeno, bila kukata muti ata moja.

Shida yangu ni asidi. Kule Kolwezi ilikuwa mingi mpaka batu walikuwa wanaoshea choo. Huku hakuna ata tone.

Nitafaulu, utaona. Kama sifaulu, tutakula nini mwaka hii?

Kaka yako,
Tshimanga


Tenke, tarehe 29 mwezi wa nane 1993

Yaya,

Nimesalimia bote bale wenye ulitaja, na Badibanga pia, ijapokuwa simujue. Usishangae kuona Tenke: nimekuya kidogo kuuza sabuni na rafiki yangu Odile, ule mujane wa karibu na gare ya train. Barua zako utume kwake, juu kule Dilala barua inapotea ovyo. Stany iko.

Sasa mambo ya mabua. Nilimusomea Odile, na Odile alicheka mpaka akaketi chini. We ni mutu wa namna gani? Mungu alishafunga nyuzi na ulimbo pamoja mu bua, bila kudai mushahara. We unaichemusha muchana muzima kusudi biachane, na nyuma unakopa kriki ya kamio kusudi birudie pamoja! Si ungechukua bua vile iko na kuipigilia musumari? Mama yangu! Miaka yote ile mu laboratware, na hii njo akili walikupa?

Na kuko kitu ingine. Nilihesabia salamu zako na kidole. Laure, batoto, mwenye nyumba. Ulisahau tu kunitumia salamu ya mbuzi. Mama iko wapi mu barua yako? Mi nakuuliza Mama, we unanijibu soda. Nauliza tena, polepole, sawa kwa mutoto wa kalasi ya kwanza: Mama, mwenye alituzaa, iko namna gani?

Ngalula


Mwene-Ditu, tarehe 17 mwezi wa kumi 1993

Mudogo wangu,

Barua yako ilifika inanuka samaki, ninaona ilisafiri na bafanyabiashara. Laure anakusalimia, iko na mimba, tushukuru Mungu ao tulie, sijue. Batoto banakusalimia, masomo bado.

Kwanza nijibu Odile, kabla hajacheka tena. Bua vile iko, iko na sponji mu katikati, na ile sponji inakunywa maji, inaoza, wadudu banaipenda sana. Ukipigilia musumari, inapasuka. Njo maana mutu anaachanisha: anatupa ile mubaya, anarudisha ile muzuri, na inakuwa ngumu kuliko mbele. Si kichaa.

Lakini soda ilikwisha, na hapa njo taabu ilianzia. Nikafanya maji ya majivu, ile ya kutia mu mboga, nikaongeza chokaa kusudi ipate ukali. Ikakubali, polepole. Kwa asidi nikafikiri maji ya mihogo, ile yenye bamama banaloweka mihogo mpaka inachacha. Iko na ukali muzuri. Basi nikabeba maji meusi yangu mpaka kwenye mutoni, pale kuko mashimo ya kulowekea, nikasema nijaribu kidogo tu kwa pembeni.

Ngalula, pembeni haikuwa pembeni. Kule kwa kiwanda tulikuwa tunamwanga kitu mu mufereji na inaenda, hakuna mutu anauliza. Huku mashimo yote inaongea moja na ingine. Asubuhi mihogo ya mutaa muzima ilikuwa rangi ya kiatu. Bamama bakakuya na michi ya kutwangia. Si kusema bakakuya kutwanga! Bakanizunguka mu lupango, banapiga kelele, «Bakatanga banatuua na sumu!» Laure alijifungia mu nyumba na akaniacha inje.

Mama njo alitoka. Alisimama kati yangu na ile michi na akatukana kila mutu kwa zamu, mi kwanza, nyuma bale bamama, nyuma tata ya Badibanga mwenye alikufwa zamani. Nyuma akabapa mihogo yetu yote tuliyokuwa nayo. Tulikula mboga bila bukari, bila ugali, juma muzima.

Basi umeona, Mama iko na nguvu. Masikio njo inamusumbua kidogo, hasikie sana nikimusomea.

Ungenisaidia sana na soda. Odile anafanya sabuni, lazima anajua fasi ya kuipata.

Kaka yako mwenye madeni ya mihogo,
Tshimanga


Tenke, tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 1993

Yaya Tshimanga,

Salamu kwa Laure na tumbo yake.

Usinichezee. Mama anasikia panya ikikohoa. Masikio ya Mama ilisikia kila kitu nilifanya tangu nikiwa mutoto, ata yenye sikufanya. Kama alifwa, uandike: alifwa. Hadisi ya bamama na michi unaweza kuitunga, we ni mwongo tangu zamani. Neno moja tu. Nimeketi hapa gare kila train inapopita, naangalia kila mutu mwenye anashuka na karatasi mu mukono.

Soda sitatuma mpaka unijibu.

Ngalula


Mwene-Ditu, tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 1993

Ngalula,

Mama hakufwa.

Anakula, anatembea, anatukana. Lakini mu hii nyumba jina yako haitajwe. Nikianza kukuandikia, ye anatoka inje, ata kukiwa mvua. Salamu zako nilimupa kwa mara ya kwanza, alitema mate chini. Ya pili sikujaribu. Njo ile, umeipata. Na usiniulize juu ya nini, juu we mwenyewe unajua. Unaniandikia «muliondoka bila kuniaga» bila haya! Nilishangaa sana. Lakini nikanyamaza. Uko na ndoa, ukae mu ndoa yako kwa amani. Mi sitaandika kitu yenye itakuya kuketi katikati yako na Stany.

Ubao yangu ya kwanza ilitoka. Nzuri, laini, nyeusi, Badibanga akaipapasa na akasema ni muujiza. Nilifanya mulango ya choo ya mutu. Mvua ya kwanza ikanyesha, na mulango ikarudia kuwa uji. Mwenye choo alikuwa ndani. Nilifikiri usiku kucha, nikaelewa kosa: ukali ya mihogo ilikuwa kidogo, ulimbo haikukamata sawasawa, na majivu nilikuwa sijaosha vizuri. Kule kazini asidi ilikuwa mingi, mi sikuwahi kujifunza mutu mwenye hana nayo anafanya namna gani.

Noeli njema kwenu wawili.

Tshimanga


Tenke, tarehe 16 mwezi wa kwanza 1994

Tshimanga,

Leo sisalimie mutu.

Ndoa gani? «Kwenu wawili» nani? We mutu mwenye anaona nyuzi ndani ya bua, hukuona kama barua zangu zote tangu mwezi wa nane zinatoka Tenke? Nusu mwaka «nimekuya kidogo kuuza sabuni»! Ni sabuni gani ile, ya kuosha dunia muzima?

Bon, sikia. Kaka za Stany walikaa kikao. Wakamwambia mwenye kulala na Mukasai asitafute cheo, na nyumba ya kazi inaweza kupewa mutu mwengine. Mungu hakutupa mutoto, basi kazi yao ikawa mwepesi. Stany akaniambia, tena na sauti ya huruma, «Ngalula, wende Tenke siku kidogo, mambo ikipoa nitakuya kukutosha kule, kukurudisha nyumbani.» Mambo ilipoa. Ye mwenyewe alipoa zaidi. Sasa kuko mwanamuke mwengine mu jikoni yangu, anapika mu sufuria yangu ya bluu. Sikuandika juu sikutaka Mama aseme, «Nilijua,» na sikutaka we uongeze mawazo yangu juu ya yako. Odile njo alinipokea. Nalala kwenye magunia ya sabuni, mikono yangu imekwisha na soda.

Kwa hiyo hakuna ndoa ya kuchunga. Ulinyamaza bure! Mbele ya Mungu, mi sijue kosa yangu. Mama ananitemea mate juu ya nini? Andika sasa. Andika yote, ata kama inauma. Nimechoka kupigwa na mutu bila kujua juu ya nini.

Ngalula


Mwene-Ditu, tarehe 13 mwezi wa pili 1994

Mudogo wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, na nikaketi. Kama ningalijua. Kwanza unisamehe ile ya Noeli.

Sasa naandika.

Siku ile vijana wa kufukuza Bakasai walikuya kwetu kabla jua kuwaka vizuri. Walitupa bitu inje, wakavunja dirisha. Hatukuwa na fasi ya kwenda. Mama akasema, «Twende kwa mutoto wangu, Stany ni mutu wao, hawatagusa kwake.» Tukakimbia mpaka mulango yenu, ye na magoti yake, Laure na batoto, mi na kidumu. Stany akafungua, kidogo tu, upana ya mukono. Vijana walikuwa nyuma yetu mu njia, wanaangalia. Akasema, kwa nguvu kusudi wasikie, «Bibi yangu iko ndani, ni mugonjwa, amelala. Hapa hakuna nafasi. Bale bengine mi sibajue.»

Mama mwenye alimupikia bukari siku zote za uchumba. «Sibajue.»

Mama akageukia dirisha yenu. Aliita jina yako. Aliita tena. Na tena. Ngalula, alikuita mpaka sauti ikapasuka, na mu nyumba kimya. Pazia ya chumba yenu ilikuwa inatikisika. Nyuma vijana wakatusukuma mpaka gare, na kwa bahati ao kwa laana, tulipata train ile juma, wengine walikaa pale miezi.

Mama anasema Stany si kitu kwake, mutu wa inje anaweza kusema hakujue. Lakini we ulisikia sauti yake na ukabaki mu shuka. Ile njo iko mu moyo yake.

Sikutaka kukuandikia juu nilisema: kama yuko na bwana, abaki naye, angalau mutu moja wa kwetu aishi vizuri.

Tshimanga


Tenke, tarehe 6 mwezi wa tatu 1994

Yaya, umusomee Mama hii barua. Usimuhadisie, umusomee, mu Tshiluba, neno kwa neno. Kama anatoka inje, umufuate inje. Kama mvua inanyesha, uloweke.

Mama,

Sikuwa mu ile nyumba. Nilikuwa hapa Tenke, kwenye matanga ya shangazi ya Stany. Unajua desturi ya bukwe, ya kwao na bwana: bibi ya mutoto wao anapika mpaka matanga inaondoka, hawezi kusema magoti inauma, hawezi kurudia kwao ata kama kwao kunaungua. Stany njo alinituma. Aliniambia, «Wende na mama yangu, mi nitachunga mama yako.» Nilienda Jumatatu, sikupitia kwako kukuambia juu kamio ilikuwa inangojea, nikasema Stany atakuambia. Pazia yenye ilitikisika, sijue nani alikuwa nyuma yake. Sasa naweza kufikiria, lakini nimechoka kufikiria.

Nilipika bukari ya batu yake mu pipa, na moshi ilikuwa inanitosha machozi, na bamama walikuwa wanasema, «Angalia mukamwana muzuri, analia kweli kweli.» Siku ile ile walikuwa wanakufukuza kwa mulango yangu.

Na kuko ingine. Train ya bale wenye walifukuzwa Kolwezi ilipita hapa, mimi nikiwa kwenye matanga. Ilisimama. Batu walikuwa juu ya mabehewa, ndani ya mabehewa, batoto wanalia maji. Nikabeba ndoo, nikakimbia na Odile, tulipitisha vikombe mu nafasi ya milango. Mikono ilikuwa inatoka, nilikuwa naipa maji, mikono tu, sikuona nyuso. Mi nilikuwa nasema, «Pole mama, pole tata,» kwa batu sijue. Nilirudia Dilala nyuma ya matanga, nikakuta mulango wenu wazi. Stany akasema mulienda mbio, hamukutaka kuniaga. Na mi mujinga nikaamini. Nilikasirika nanyi, mwaka muzima nilikasirika nanyi!

Mama, kama ningalikuwa mu ile nyumba, ningalitoka na shuka mu kiuno. Unanijua. Mi si mutu wa kunyamaza, we mwenyewe ulinipiga juu ya ile.

Sina kitu ingine ya kusema. Natuma soda na mwanamuke moja, rafiki ya Odile, mwenye anaenda kununua mahindi. Ni kidumu mbili. Musiitupe juu imetoka kwangu, imeniunguza vidole.

Mutoto wako,
Ngalula


Mwene-Ditu, tarehe 22 mwezi wa tano 1994

Mudogo wangu Ngalula,

Laure alizaa mutoto mwanamuke, bote wazima, banakusalimia. Batoto wakubwa banakusalimia. Badibanga sasa anajisifu mutaa muzima kama ye ni fundi wa mbao, na anakusalimia.

Barua yako nilimusomea. Alitoka inje, nikamufuata, na mvua haikukosa, sawa vile uliomba. Nilisoma chini ya bati ya jikoni. Hakuniangalia, alikuwa anachambua maharage. Kwa ile ya matanga mukono yake ikasimama. Kwa ile ya train akasema, «Rudilia.» Nikarudilia. Akauliza, «Ndoo ilikuwa ya rangi gani?» Nikamwambia haikuandikwa. Akarudia kuchambua, nyuma akasema, «Mi nilikunywa ile maji.»

Mi sijue kama ni kweli. Laure anasema pale Tenke behewa yetu ilikuwa imefungwa na hakuna tone yenye iliingia. Lakini Mama anasema alikunywa, na anaambia kila jirani, na mi sitabishana naye.

Soda yako alikataa siku ya kwanza. Akasema ya majivu inatosha. Siku ya pili nilikuta kidumu imefunguliwa na ye anapima na kikombe yake ya chai, ananifokea kama natia mingi sana. Na bale bamama wa michi, sasa njo banatuletea maji yao ya mihogo yenye ilichacha zaidi, ile ya chini kabisa, juu Mama aliwaahidi milango. Tunaosha nyuzi mpaka maji inatoka safi, tunatia ukali mpaka matope ya kahawa inashuka yote. Nilitosha ubao, nikailoweka mu mutoni siku muzima na jiwe juu yake. Asubuhi nikaipiga na nyundo. Ikalia sawa mbao ya Muzungu! Haikupinda, haikuvimba. Nililia mbele ya batu, bon, na baseme.

Mwenye malewa, ile fasi ya kuuza chakula, ya karibu na gare alikuya mbio, anataka ile ubao kwa meza, analeta feza mu mukono. Tunahitaji ile feza kuliko kitu yote. Mama akakataa. Akaibeba mwenyewe kichwani, ye na magoti yake, akaiingiza mu chumba, akaitia juu ya matofali, kwa ukuta yenye haivuje, pembeni ya mukeka yake. Juu yake akatandika blanketi, ile moja nzuri.

Sasa sikia vile tunaishi. Laure na mutoto mukichanga banalala chini. Mi na mugongo yangu nalala chini. Mama mwenyewe analala chini. Na kitanda iko pale, imetandikwa, haina mutu, majuma mawili sasa. Batoto wakiketi juu yake, anabapiga na mwiko. Laure aliomba usiku moja tu, akajibiwa vibaya.

Jina yako bado hajaitaja, nisikudanganye. Lakini jana nilichoka, nikamuuliza mbele ya bote, «Mama, hii kitanda ni ya nani?»

Akaniangalia sawa vile mi ni mujinga.

«Andika barua,» akasema.

Basi nimeandika. Kuya mbio, mudogo wangu, mugongo inaniuma.

Tshimanga